Kuifuata Seli Moja Bila Kupepesa Macho

Mwaka 1996 watafiti wa Japani walichukua seli shina moja ya damu kutoka kwenye uboho wa panya, wakampandikizia panya mwingine aliyekuwa amepigwa mionzi, wakasubiri. Miezi ikapita. Kwa baadhi ya panya waliojaribiwa, chembe za damu za aina mbalimbali zilikuwa uzao wa ile seli moja. Jaribio zuri mno, ila lilionyesha mwanzo na mwisho tu. Yaliyopita katikati, ndani ya mifupa, hakuna aliyeyaona.

Timm Schroeder na wenzake, kwanza Munich na baadaye Basel kwenye tawi la chuo cha ETH Zürich, waliamua kushinda hapo katikati. Nawavulia kofia, na si kwa sababu ya mitambo yao.

Seli za panya huwekwa kwenye kisahani cha plastiki chini ya hadubini, ndani ya kasha lenye joto la nyuzi 37. Kamera hupiga picha kila baada ya dakika chache. Tuseme kila dakika 3: hizo ni picha 480 kwa siku, kwa kila eneo la kisahani, siku kadhaa mfululizo. Seli shina haina haraka. Inaweza kumaliza zaidi ya siku nzima kabla ya kugawanyika mara ya kwanza. Lakini haitulii. Inatambaa, inapishana na wenzake, na zote ni viduara vinavyofanana. Ukichelewesha picha inayofuata, hujui tena ipi ni ipi. Ukizipiga kwa pupa, hasa kwa ule mwanga mkali unaozing'arisha protini zilizotiwa rangi, unaziua. Basi mwanga hafifu hutumika mara nyingi, na ule mkali kwa kubania. Baadaye wakapata ujanja wa kupaka sakafu ya kisahani kingamwili inayozishika seli kidogo, zisitangetange.

Kazi yenyewe huanza picha zikishapatikana. Mtu anakaa mbele ya kompyuta, anaifuata seli picha hadi picha, ikigawanyika anawafuata mabinti wote wawili, kisha wajukuu, mpaka ukoo mzima umechorwa. Programu husaidia, lakini jicho la mtu lazima lipite. Na kila mstari wa ukoo una mwisho wake: imegawanyika, imekufa, au imepotea. Hilo la tatu ndilo linalonivutia zaidi. Kukiri kwamba hapa nimeipoteza ni bora kuliko kubahatisha, maana ukibadilisha seli mbili kwa bahati mbaya, matawi yote yanayofuata ni uongo.

Kwa nini kujitesa hivyo? Chukua utafiti wao wa mwaka 2009. Swali lilikuwa la zamani: sitokini, zile protini zinazopeleka ujumbe kati ya seli, huiamuru seli changa iwe chembe nyeupe ya aina fulani, au hulisha tu zile zilizokwisha kujiamulia, nyingine zikafa? Ukikuta darasa la kidato cha tano limejaa wanafunzi wa sayansi, huwezi kujua kama walishawishiwa au wale wa sanaa walitolewa nje, mpaka uwe umesimama mlangoni tangu siku ya kwanza. Schroeder na kundi lake walisimama mlangoni. Waliihesabu kila seli iliyokufa, wakaona vifo havitoshi kueleza matokeo. Sitokini zilikuwa zinaamuru kweli.

Mwaka 2016 wakagusa jambo lililokuwa limezoeleka vitabuni: kwamba protini mbili, PU.1 na GATA1, huvutana kwa bahati nasibu ndani ya seli, na mshindi ndiye anayeamua seli iwe ya ukoo upi. Walitumia panya ambao protini hizo zinang'aa kwa rangi mbili tofauti, wakatazama seli moja moja. GATA1 ilijitokeza uamuzi ukiwa umeshapita. Picha za mara moja zisingeweza kulisema hilo, kwa kuwa hazijui kipi kilitangulia.

Kisha mwaka 2019 zikaja lisosomu, vile vijifuko vinavyomeng'enya taka za seli. Seli shina ikigawanyika, binti mmoja anaweza kurithi nyingi kuliko mwenzake. Kwenye picha ya saa ile hilo ni doa tu, kubwa upande huu na dogo upande ule, na mtu mwenye haraka angesema ni bahati tu ya mgawanyo. Wao waliendelea kuwafuata mabinti hao. Aliyepata chache ndiye aliyeelekea kuchangamka na kuongeza kasi ya kutengeneza protini. Aliyepata nyingi alibaki mtulivu zaidi, na utulivu ndio unaoiwezesha seli shina kudumu kwa muda mrefu.