Testosteroni: Maswali Kabla ya Sindano ya Kwanza

Mwanaume anayefika kliniki kuomba testosteroni huwa ameshajitibu kichwani. Anachoka bila kazi, chumbani mambo hayaendi, kitambi kinamtangulia mlangoni, na rafiki wa mazoezini amemwambia kuwa hizo ni homoni. Anataka sindano, ikiwezekana leo. Daktari anayeijua kazi yake atampa karatasi ya maabara na kumwambia arudi kesho asubuhi, tena asile kitu.

Saa hiyo ina sababu. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyosonga. Kwa mtu wa miaka 30 au 40, sampuli ya saa kumi jioni inaweza kuwa chini ya ile ya saa mbili asubuhi kwa asilimia 20 hadi 25. Sukari nayo huishusha, kwa hiyo chai ya maziwa na chapati mbili za njiani zinatosha kuharibu kipimo. Ikitoka chini, damu hutolewa tena siku nyingine. Pasipo majibu mawili ya chini pamoja na dalili zenyewe, matibabu hayaanzi. Aliyepimwa mara moja tu, alasiri, wiki aliyotoka kuugua malaria, mimi namhesabu kuwa hajapimwa.

Soma na kizio cha jibu. Wataalamu wa mfumo wa mkojo wa Marekani huweka mpaka kwenye nanogramu 300 kwa desilita. Ulaya huhesabu kwa nanomoli kwa lita: chini ya 8 ni upungufu, juu ya 12 si upungufu, na katikati ni pa kujadiliana. Namba 10 kwa kizio cha kwanza ni ya mtu aliyehasiwa. Kwa cha pili, ni mtu wa mpakani.

Kisha huja kipimo ambacho wengi hukiruka: homoni ya LH, ambayo tezi ya pituitari chini ya ubongo huitumia kuziamuru korodani zifanye kazi. LH ikiwa juu na testosteroni chini, amri inatoka ila korodani zimeshindwa, labda kwa jeraha la zamani au matubwitubwi ya ukubwani. Zote mbili zikiwa chini, anayetoa amri ndiye aliyenyamaza, na lazima aulizwe kwa nini. Huenda ni uvimbe kwenye pituitari, unene, au dawa za maumivu za jamii ya afyuni, tramadoli ikiwemo. Anayechoma sindano hapa bila kuuliza ameuacha ugonjwa palepale ulipo.

Tuje kwenye dawa yenyewe. Testosteroni tupu haikai mwilini, ndiyo maana wakemia waliifunga mkia wa asidi ya mafuta, wakaiyeyusha ndani ya mafuta ili itoke kidogo kidogo kwenye msuli. Na mafuta hayo ni ya kawaida kabisa: ufuta kwa baadhi ya chupa za enantheti, mbegu za pamba kwa sipioneti, karanga kwa Sustanon (mwenye mzio wa karanga aseme mapema), nyonyo kwa andekanoeti. Mkia ukiwa mrefu, dawa hukawia zaidi. Enantheti huchomwa miligramu 150 hadi 200 kila wiki mbili. Mgonjwa hupanda siku za mwanzo, kisha huporomoka kabla ya sindano inayofuata. Kugawa dozi iwe 75 hadi 100 kila wiki hupunguza bembea hiyo. Andekanoeti ni miligramu 1,000 katika mililita 4, ya pili baada ya wiki 6, kisha kila wiki 10 hadi 14. Mafuta yake ni mazito, na muuguzi huyasukuma taratibu kwa dakika mbili nzima. Mgonjwa hubaki kwenye benchi kwa nusu saa, maana matone yakifika mapafuni huleta kikohozi kikali na kubanwa pumzi.

Ipo jeli pia, ya kupaka begani kila siku. Mwenye mtoto mdogo wa kubebwa anawe mikono na kuvaa shati, kwani dawa huhamia kwenye ngozi ya mtoto.

Homoni hii huongeza chembe nyekundu. Kabla ya kuanza, chembe hizo zisizidi asilimia 48 ya damu, au 50 kwa wanaoishi nyanda za juu. Zikipita 54, dawa husimamishwa. Tezi dume nayo huchunguzwa kwanza. Kuhusu moyo, utafiti wa TRAVERSE wa mwaka 2023, wenye wanaume zaidi ya 5,000, ulikuta matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 7.0 ya waliopakwa dawa na 7.3 ya waliopakwa jeli isiyo na dawa. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hata hivyo, yaliongezeka kwa waliopata dawa.

Nimebakiza swali ambalo hapa kwetu husahaulika zaidi. Pituitari ikiona testosteroni imejaa kwenye damu, huacha kutuma amri, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha majaribio ya enantheti miligramu 200 kila wiki, likiitafuta kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Kati ya wanaume 271, 157 waliishiwa mbegu kabisa, na kwa waliokuwa wakiitegemea sindano hiyo peke yake, wenzi wao walipata mimba moja tu. Ni dawa ileile anayoiomba bwana wa kitambi, ambaye pengine mkewe anasubiri mtoto wa pili.

Zipo dawa nyingine zinazoamsha korodani badala ya kuzilaza, na daktari anazijua. Kwa hiyo kama bado unataka mtoto, lianze hilo kabla hata ya uchovu wako: mwambie daktari siku ya kwanza, kabla mkono wa shati haujakunjwa.