Mkate Usio na Ngano Katika Nchi ya Ngano

Ukitoka Katesh, mkoani Manyara, kuelekea Basotu wakati wa mavuno, unapita katikati ya ngano. Mashamba makubwa ya tambarare hii yalifunguliwa kuanzia miaka ya 1970 na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada, yakafikia karibu ekari 100,000, sehemu kubwa ikiwa malisho ya wafugaji wa Kibarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walifika mpaka mahakamani kudai ardhi yao katika miaka ya 1980. Kesi zilikuja na kupita, lakini ngano ilikuwa imeshaingia jikoni. Leo, kijijini Jorodom kama Mbulu mjini, chai ya asubuhi isiyo na chapati, andazi wala slesi ya mkate huhesabiwa chai kavu.

Ndiyo maana mama anayesema mwanawe hali ngano huulizwa: anaumwa, au anadeka?

Anaumwa, na kuna kuumwa kwa namna mbili. Mwenye mzio wa ngano, mwili wake huishambulia protini ya ngano: midomo huvimba, ngozi hututumka, pumzi hubana, pengine ndani ya dakika chache. Mwenye ugonjwa wa siliaki, gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huufanya mwili uharibu utumbo wake wenyewe taratibu. Mtoto huharisha, hukonda, hudumaa, na mahali ambapo utapiamlo una sababu nyingi ni rahisi kumwongezea uji kuliko kumpima. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945. Mkate ulipoadimika, wagonjwa wake wadogo walipata nafuu. Uliporudi, waliugua tena. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950. Na anayedhani haya ni maradhi ya Wazungu awakumbuke Wasaharawi wa Sahara Magharibi: mwaka 1999 watafiti waliripoti kuwa karibu watoto 6 kati ya 100 waliopimwa miongoni mwao walikuwa na siliaki.

Maziwa nayo yana mkanganyiko wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliowapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudani, Wairaqw na Wadatoga wakiwamo, ulionyesha badiliko la kijenetiki linalowawezesha watu wazima wa jamii za wafugaji kuimeng'enya sukari ya maziwa. Hiyo ni sukari. Mzio wa maziwa ni habari ya protini, na mtoto wa zizi lililojaa ng'ombe anaweza kuupata.

Sasa, kwa mtoto mwenye mzio wa vingi, ondoa ngano, maziwa, mayai, karanga na ufuta kwa mkupuo mmoja. Wengi wataona kilichobaki ni maji na chumvi. Fundi wa mkate usio na vitu hivyo huona nafasi za kazi zilizoachwa wazi. Nani atainasa hewa, ikiwa gluteni haipo? Nani atashikamanisha, ikiwa yai limekatazwa? Nani atalainisha badala ya maziwa na siagi? Mtu anaweza kuoka mkate wa kawaida miaka mingi bila kujua gluteni inafanya nini, kwa sababu inaifanya kazi yake yenyewe. Huyu hana anasa hiyo. Anakijua kila kiungo kwa kazi yake, na kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo amewapita waokaji wengi wenye vyeti ukutani.

Rojo lake halikandwi. Sehemu ya unga wa mtama mweupe na wa mchele, pamoja na wanga kidogo wa muhogo, hupikwa kwanza uji mzito mpaka ung'ae, kisha hupozwa uwe vuguvugu. Hapo huingia unga uliobaki, hamira, sukari kidogo, chumvi na mafuta ya alizeti, ambayo Manyara hayana shida. Ute wa bamia zilizolowekwa husaidia kushika. Mwenye mbegu za kitani huzisaga akazitumia badala yake. Mwiko ukiinuliwa, rojo hushuka polepole bila kukatika, likaacha mchirizi juu kwa muda kabla ya kuzama. Likitiririka mno, mkate utadidimia katikati. Likigoma kushuka, ndani utabaki mzito na mbichi.

Halafu kuna mwinuko. Mbulu na Katesh ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka karibu na nyuzi 95, na hewa iliyo ndani ya rojo hutanuka zaidi kuliko pwani. Unga wa ngano huvumilia. Rojo lisilo na gluteni likiumuka kupita kiasi huanguka, na halinyanyuki tena. Kwa hiyo huumuliwa mara moja tu, likaingia motoni lingali linapanda, ndani ya sufuria yenye mfuniko, makaa machache chini na mengi juu.

Kupalia moto hivyo si uvumbuzi wa jana. Zanzibar, Mombasa na Lamu huoka mkate wa kumimina kwa mchele uliolowekwa na kusagwa, tui, sukari, iliki na hamira, bila chembe ya ngano. Wengine hutia ute wa yai, wengine hawatii. Waethiopia nao wana injera ya tefu. Vitabu vya mapishi vya Ulaya vinapotangaza mkate usio na gluteni kama jambo jipya, bibi wa Unguja ana haki ya kucheka.

Ila kazi ngumu kuliko zote haiko jikoni. Iko kwenye mashine ya kusaga. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, na katika eneo linalolima ngano, mashine inayosaga mtama leo huenda ilisaga ngano jana. Kijana wa mashine akisema, "Mama, nimeshapangusa, ni safi," anasema kweli, lakini anazungumzia vumbi linaloonekana. Kupitisha kwanza debe la mtama na kuwapa kuku hupunguza hatari, hakuimalizi. Mwenye mtoto anayevimba kwa chembe hurudi kwenye kinu na mchi, au hununua kinu kidogo cha mkono ambacho ngano haijawahi kukipitia. Beking poda pia husomwa maandishi yake, maana baadhi huchanganywa na wanga wa ngano.

Mkate wenyewe haukai. Wanga wa mchele hukakamaa upesi, hivyo hukatwa ukishapoa na huliwa siku hiyo hiyo; uliobaki hupashwa kesho yake kwenye kikaango. Kikaango hicho hutiwa alama, na mgeni anayetaka kupasha chapati zake hupewa kingine.