Bombe haina akili, iko na adresi tu

Leo nataka kukosoa neno moja: "bombe yenye akili". Tunalisikia kwenye redio, tunalisoma kwa Kifaransa, halafu sisi wenyewe tuliosoma tunalirudilia bila kulipima. Hata katika mazungumzo yetu kuna wanaosemaka: kama vita haiwezi kuepukika, afadhali iwe vita ya bombe zenye akili, juu zinapiga adui na kumwacha raia. Mi nasema hapana. Neno hili linachanganya vitu viwili tofauti, na mchanganyiko huo umekwisha kuua watu wengi.

Tuanze na chombo chenyewe. Wengi wanafikiri hii ni bombe mpya kabisa. Mara nyingi sivyo. Ni bombe ile ile ya zamani, chuma na baruti, iliyokuwa inaachiwa kutoka ndegeni na kuanguka kama jiwe. Injenieri anaiondolea mkia wake, anaiwekea mwingine wenye mapezi yanayogeuka, kompyuta ndogo na kipokezi cha GPS. Wamarekani wanakiita JDAM. Walikitengeneza baada ya vita ya Iraki ya 1991, juu kule bombe zilizoongozwa kwa lazeri zilikuwa zinasumbuliwa na mawingu, moshi na vumbi. Kwa JDAM mawingu hayana neno: bombe inapewa namba za mahali, halafu inakwenda pale. Ikiachiwa kutoka juu sana inaweza kufika kilometa 28. Ukiiongezea mabawa yanayofunguka hewani, inaelea kama mwewe asiyepiga bawa, inapita kilometa 70, na haina injini yoyote.

Kama kazi ya ufundi, ni kazi nzuri, na wenzangu wa polytechnique wako na haki ya kuisifu. Tena wanaoitetea wako na mfano wa kweli. Kule Vietnam kulikuwa daraja la Thanh Hoa. Ndege za Marekani zilianza kulishambulia 1965, zikarudi mamia ya safari, zikapoteza mapiloti, na daraja likabaki limesimama. Mwezi wa 5, 1972, wakaja na bombe za kawaida zilizofungiwa vifaa vya lazeri, na daraja likaanguka. Bombe chache, kazi imekwisha. Hapo siwezi kubisha: kama shabaha ni daraja, na daraja ni lile unalolijua, kifaa hiki kinapunguza bombe zinazoanguka ovyo juu ya vijiji vya kandokando.

Lakini tuangalie nini kimebadilika na nini hakikubadilika. Kilichobadilika ni njia ya kuanguka. Tumbo la bombe liko vile vile. Bombe kubwa ya Marekani, Mark 84, iko na uzito wa kilo karibu 900, na karibu nusu yake ni baruti. Vipande vyake vya chuma vinaruka mamia ya mita. Sasa, JDAM ilipoagizwa, kipimo cha usahihi kilichoombwa kilikuwa mita 13. Na kipimo hicho maana yake ni kwamba nusu ya bombe ziangukie ndani ya mita 13, nusu nyingine zinaweza kuwa nje. Hata tukikubali kwamba kwa kweli inafanya vizuri kuliko hapo, bado tuko na kitu kinachopiga alama ya mita chache na kuvunja mtaa mzima. Ni sawa na mtu anayekuambia anajua kufunga goli kwenye kona kabisa, lakini mpira wake ni mkubwa kama nyumba.

Basi sifa hii ya "akili" ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye televisheni. Mwezi wa kwanza 1991, jenerali Schwarzkopf aliwaonyesha waandishi wa habari mjini Riyadh filamu iliyopigwa na ndege. Unaona daraja, unaona alama ya shabaha, unaona gari moja linapita katikati ya alama na kuvuka. Nyuma yake daraja linalipuka. Jenerali akasema kwa mzaha kwamba dereva yule alikuwa na bahati kuliko watu wote wa Iraki siku ile. Waandishi wakacheka.

Mi naichukulia filamu ile kama kazi ya sanaa, na naikosoa kama kazi ya sanaa. Haina sauti. Inaanza bombe ikiwa njiani na inakwisha pale pale moshi unapotoka. Haionyeshi nani alichagua daraja, wala nani alikuja asubuhi kutafuta ndugu yake. Mtazamaji anawekwa kwenye jicho la bombe, na kutoka pale kila kitu kinaonekana safi. Tena haikuwa picha ya vita nzima: chini ya asilimia 10 ya mabombe yaliyoangushwa katika vita ile yalikuwa ya kuongozwa. Yaliyobaki yalianguka kama mawe, na hatukuonyeshwa.

Wiki mbili baadaye, tarehe 13 mwezi wa 2, bombe mbili za lazeri, kila moja karibu kilo 900, zilipiga jengo la Amiriyah mjini Baghdad. Ziliongozwa vizuri sana. Zilitoboa dari ya zege na kulipukia ndani, pale pale zilipotumwa. Jeshi la Marekani lilisema jengo lile lilikuwa kituo cha kuongozea vita. Ndani kulikuwa raia wamelala, wengi wao wanawake na watoto waliokimbilia pale kujificha na mabombe. Zaidi ya watu 400 walikufa. Jengo hilo lilijulikana kama mahali pa raia kujifichia tangu vita ya Iraki na Iran. Ndugu zangu, pale kifaa hakikukosea hata kidogo. Kilichokosea ni mtu aliyesema ndani kuna nini.

Miaka nane baadaye, kisa kingine. Tarehe 7 mwezi wa 5, 1999, katika vita ya Kosovo, ndege moja ya Marekani iliachia bombe tano za JDAM juu ya jengo moja la Belgrade. Zote zilikwenda kwenye adresi waliyoziandikia. Kumbe ni ubalozi wa China. Wachina watatu, watu wa habari, wakafa. Baadaye mkuu wa CIA, George Tenet, alieleza mbele ya Bunge lao: shirika lake lilitaka kupiga ofisi ya serikali ya Yugoslavia inayoshughulika na vifaa vya kijeshi, likakadiria mahali pake kwa kutumia namba za barabara, likakosea. Ubalozi ulikuwa umehamia pale tangu 1996, lakini ramani na orodha zao zilikuwa bado zinaonyesha mahali pa zamani. Fikirieni hiyo: ndege ya bei kali kuliko zote duniani, bombe inayozungumza na sateliti, na katikati yao karani mwenye ramani iliyochakaa.

Cha tatu ni cha Afganistani, tarehe 5 mwezi wa 12, 2001. Mwanajeshi wa Marekani aliyekuwa chini alitumia kipokezi cha GPS kupata namba za adui. Kadiri ya habari zilizotolewa baadaye, betri ilikwisha, akaweka nyingine, na mashine ilipowaka tena ikaonyesha namba za pale alipokuwa yeye mwenyewe. Namba hizo ndizo zilizopelekwa kwa ndege. Bombe ikatii. Wanajeshi watatu wa Marekani wakafa, pamoja na Waafgani waliokuwa upande wao, na Hamid Karzai, aliyechaguliwa siku ile ile kuongoza serikali ya muda, akajeruhiwa kidogo.

Mnaona ninakotaka kufika. Katika visa vyote vitatu bombe ilikuwa sahihi, na watu wasiostahili wakafa. Usahihi ni sifa ya njia, hapana sifa ya uamuzi. Akili, kama ipo, iko kwa aliyeandika adresi. Tukiita bombe "yenye akili" tunamwondoa mtu huyo kwenye kiti cha kuulizwa. Njo maana kila mara baada ya maafa komunike inasema kulikuwa "kosa la kiufundi", wakati fundi hakukosea.

Na sasa tuje kwa Warusi, juu wao wametuonyesha upande mwingine wa kifaa hiki. Tangu mwanzo wa 2023, kule Ukraini, wanazifungia bombe zao za Kisovieti, zile FAB, kifaa chenye mabawa na uongozi wa sateliti wanachokiita UMPK. FAB ya kilo 500 ni umbo la miaka ya 1960. Maghala yao yalikuwa yamejaa. Walianza na hizo, wakapanda kwenye za kilo 1,500, na 2024 wakaanza kutumia za kilo 3,000. Kwa mwezi wa 3, 2024 peke yake, Rais Zelensky alihesabu bombe za kuongozwa zaidi ya 3,000.

Je, walifanya hivyo ili kupunguza vifo vya raia? Hata kidogo. Walifanya hivyo kwa ajili ya piloti. Mwanzoni mwa vita ndege zilizokuja kuangusha bombe za kawaida zilipaswa kupita juu ya shabaha, na zilikuwa zinatunguliwa. Kwa mabawa, piloti anaachia bombe akiwa makumi ya kilometa nyuma, halafu anageuka na kurudi nyumbani. Bombe iliyokuwa imezeeka ghalani inapata maisha mapya, kwa bei ndogo kuliko kombora. Nyingine hazifiki hata huko zinakotumwa. Gazeti la Washington Post lilipata hati ya Urusi yenyewe inayohesabu angalau bombe 38 za namna hii zilizoanguka katika mkoa wao wa Belgorod kati ya mwezi wa 4, 2023 na mwezi wa 4, 2024. Tarehe 9 mwezi wa 9, 2025, bombe moja ya kuelea ilianguka katika kijiji cha Yarova, mkoa wa Donetsk, juu ya wazee waliokuwa wamepanga mstari kupokea pensheni. Zaidi ya 20 walikufa.

Kwa hiyo neno "kuongozwa" linafunika mambo mawili ambayo hayafanani: mmoja anaongoza bombe ili apige daraja na kuacha kijiji, mwingine anaiongoza ili yeye mwenyewe abaki mbali. Kifaa kinakaribia kuwa kile kile. Ukisikia "bombe ya kuongozwa" haujajua bado ni nia gani imeibeba.

Kwa nini naliandika hili kwenye ukurasa wa wahitimu wa Kongo? Juu sisi tungekuwa watu wa mwisho kuamini usahihi wa adresi. Hesabu kamili ya mwisho ya wananchi wa nchi hii ilifanyika 1984. Huku mashariki kambi ya wakimbizi inasimama kwa wiki moja na kubomolewa kwa siku mbili. Shule inakuwa kambi ya jeshi, halafu inarudi kuwa shule, halafu watu wanalala ndani. Ramani gani itafuata mwendo huo? Kama CIA, na pesa yake yote, ilishindwa kujua ubalozi umehama tangu miaka mitatu katikati ya mji mkuu wa Ulaya, nani atakuja kutuambia kwamba anajua nani amelala usiku huu katika kijiji cha Masisi?

Sisemi kifaa hiki hakina faida, na sisemi bombe ya kuanguka ovyo ni bora. Nasema tusikubali sifa ya mashine kuwa jibu la swali la mtu. Siku mkubwa yeyote, wa hapa ao wa nje, atakapotuambia amepiga "kwa usahihi", sisi tuliosoma tuko na wajibu wa kumuuliza mambo manne, tena kwa majina: Nani alitoa zile namba? Habari yake ilikuwa ya siku gani? Bombe ilikuwa ya kilo ngapi, na jirani wa karibu alikuwa mita ngapi? Na nani alikwenda kuangalia baada ya moshi kutoka?

Akikosa jibu la hayo, basi ametueleza tu kwamba bombe ilifika. Kufika, hata barua inafikaka. Wenzangu injenieri na wanasheria, nangoja mnikosoe.