Nani Apepewe?

Katika utendi wake wa mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu anamfundisha bintiye kumpapasa mume aliyelala na kumpepea. Wahakiki wamejadili zaidi utiifu. Nikiusoma hapa Buyenzi, Bujumbura, naona pia ujuzi: mkono, upepo na subira ndivyo anavyohitaji mwanamke mwenye uchungu wa uzazi. Kasoro ni kwamba ujuzi huo unakwenda upande mmoja. Mwaka 2006 Burundi iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za serikali, lakini waume wengi tunaowajua bado husubiri nje. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Tusiutupe utendi, tuwasomeshe wavulana. Zamu hii mume ndiye apepee.