Mchezo Wenye Mwenyewe

Tarehe 2 Novemba 2024, siku ya Marehemu wote, tulikuwa tukirudi makaburini hapa Buluo, tukawakuta vijana sita wameinamia simu moja. Hawakutazama mpira. Walitazama mechi ya mwisho ya mashindano ya dunia ya League of Legends, mchezo wa ordinatere ambamo watu watano hupigana na watano, kila upande ukitaka kubomoa boma la mwenzake. Mkatekista tuliyefuatana naye akasema: «Ni kupoteza wakati tu.» Sisi hatukukubali upesi.

Mashindano hayo yalianza Uswidi mwaka 2011, nayo hufanyika kila mwaka. Jioni ile, huko London, ekipi T1 ya Korea Kusini iliwashinda Bilibili Gaming wa China 3 kwa 2. Kapiteni wao, Faker, alikuwa na miaka 28. Mwaka 2017 alishindwa katika mechi ya mwisho, akalia mbele ya watu wote. Mwaka 2022 akashindwa tena. Lakini alitwaa kikombe mwaka 2023, na 2024, na 2025. Basi, anayesema kwamba hapa hakuna kazi wala uvumilivu, hajatazama vizuri. Mtakatifu Thomas naye afundisha kwamba roho iliyochoka huhitaji kupumzika kwa mchezo, mradi kipimo kisipite.

Kosa tunaliona mahali pengine. Mpira hauna mwenyewe: mtoto wa Buluo hufunga vitambaa kwa kamba, akacheza bila kumwomba mtu ruhusa. League of Legends ni mali ya kompania Riot Games, nayo ni ya Tencent ya China. Ndiyo inayobadili sheria, ndiyo inayouza, ndiyo inayosimamia mashindano. Ikifunga mlango, mchezo umekwisha. Tena wadai ordinatere, umeme usiokatika na intaneti ya nguvu. Kobalti ya Katanga imo katika betri za simu duniani kote, lakini vijana wetu wanabaki watazamaji.

Wale sita walijua majina ya wachezaji wote kumi. Tulipowauliza, hakuna hata mmoja aliyewahi kuucheza mchezo wenyewe.

Ndugu mapadri na wakatekista, tusiwaambie kwamba kutazama ni dhambi. Hawatatusikiliza, na kwa haki. Tukae nao, tuwaulize: mchezo huu ni wa nani, nawe una nafasi gani ndani yake? Na uwanja wa parokia usikose mpira.