Boma la Kale na Wenye Mji

Boma la Kale la Dar es Salaam, lililo mahali Barabara ya Morogoro inapokutana na Barabara ya Sokoine, ni nyumba iliyoutangulia mji wenyewe. Sultani Majid bin Said aliijenga mnamo mwaka 1866 na 1867, wakati Mzizima ilipokuwa bado kijiji cha wavuvi na wakulima, naye akafariki mwaka 1870 kabla ya kuuona mji aliokusudia. Mwaka 2017 nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya jiji. Sisi tuliokwenda kuizuru kutoka Iyunga, upande wa Mbeya, tulitaka kujua jiji hili linajieleza kuwa ni la nani.

Kwanza tutoe sifa inayostahili. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe na milango ile ya nakshi ni maonyesho makubwa kuliko picha yoyote inayoweza kutundikwa juu yake. Nyumba yenyewe ndiyo shahidi. Nayo maonyesho yanafuata kukua kwa mji kwa njia ya majengo yake, tangu zama za Sultani, kupitia Wajerumani waliohamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na Waingereza, hata baada ya Uhuru. Mpango huo ni safi na unaeleweka.

Lakini hapo ndipo penye mashaka yetu. Mji ukisimuliwa kwa majengo, wanaokumbukwa kwanza ni wale waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe. Aliyejenga kwa fito na udongo huwa hakuacha ukuta wa kutazamwa. Na tazama jinsi taifa letu lilivyogawanya kumbukumbu zake: nyumba za Wahaya na Wagogo ziko katika Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1967 nje kidogo ya katikati ya jiji. Huko iko pia nyumba ya Mzaramo! Mzaramo, ambaye Mzizima ilikuwa kwao, amewekwa kijijini, na Sultani na gavana wamewekwa mjini. Hatudhani kwamba kuna mtu aliyekusudia hivyo. Hata hivyo, mtoto wa shule akizuru mahali pote pawili atajifunza kwamba mwafrika aliingia mjini kama mgeni.

Sisi watu wa mashairi huona kwamba kuna ushahidi mwingine usiohitaji chokaa, nao ni majina. Chukua Kariakoo. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, waliopiga kambi hapo katika Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu ya watu walibebeshwa mizigo ya vita vile visivyowahusu, wengi wakafa njiani kwa maradhi na njaa. Soko zuri alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021; jina la wapagazi halikuungua. Chumba kimoja tu cha majina ya mitaa, na sauti za wazee wakieleza yalivyopatikana, kingemfaidi mzuru kuliko ramani kumi.

Kule Kalenga, Iringa, watu huenda kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, na ambalo lilirudishwa mwaka 1954. Jengo lenyewe ni dogo. Anayetoka humo ametoka kukutana na mtu.

Mbeya nayo imekuwa jiji tangu mwaka 2005, na iko siku itataka nyumba yake ya historia. Watakaoipanga wasianzie kwenye ofisi za wakoloni. Waanzie kwenye dhahabu ya Lupa na vibarua walioichimba, waende kwa vijana waliotandika reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kisha wawaulize akina mama wanaopakia ndizi na viazi vya kwenda Dar es Salaam.