Habari za Wakilindi: Nasaba Ipimweje?

Mtu atakaye kujua kama nasaba ya watawala imeandikwa kwa haki au kwa kujipendekeza, na afungue sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo. Hapo yumo mfalme Daudi. Lakini wamo pia Tamari, na Rahabu, na Ruthu mgeni wa Moabu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Aibu ya nyumba haikufichwa, wala mama hawakusahauliwa. Kwa kipimo hicho nataka kukipima kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichopigwa chapa na misioni huko Magila, sehemu tatu, kati ya 1895 na 1907.

Habari yenyewe ni tamu. Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu kwa kukataliwa na jamaa zake, aliwagawia Wasambaa nyama, akamwua simba, akaketishwa Vugha awe mtawala. Bughe, mwanawe kwa mke Msambaa, alirithi kiti. Kiswahili chake ni chepesi, na watu wa kitabuni husema kama watu wasemavyo barazani.

Tena mwandishi ana ujasiri. Yeye aliwatumikia Wakilindi, hata hivyo hakuficha maovu yao. Asimulia jinsi Kimweri alipokwisha kufa, mwaka 1862, jamaa zake walivyopigana wao kwa wao, raia wakauzwa utumwani, hata Wabondei wakawaondokea. Sisi wa Ujiji, ambao mji wetu ulikuwa kituo cha misafara, twajua uzito wa maneno hayo.

Lakini kosa lipo. Wazee waliokaa milimani kabla ya Mbegha waonekana kama watu waliokuwa wakingoja kutawaliwa tu. Walimwomba Mungu wao jinsi gani? Ardhi waliigawanya vipi? Twaambiwa machache mno.

Wala kosa hili si la Usambara peke yake. Katika Ujerumani ya kale, Askofu Otto wa Freising aliandika matendo ya Kaisari Frederick, mwenye ndevu nyekundu, aliyechaguliwa kuwa mfalme mwaka 1152. Otto alikuwa baba yake mdogo. Alisifu kwamba damu ya nyumba mbili zilizoshindana, ya baba na ya mama, imekutana katika mtu mmoja. Vema, mama alikumbukwa. Lakini mkulima aliyewalisha wakuu hao hakupewa nafasi kama hiyo. Aliye karibu na kiti huona kiti.

Ndugu walimu, neno hili latuhusu. Tukiandika nasaba za Abami wa Buha, tusiandike safu ya majina ya wanaume tu. Mwami Theresa Ntare alishika kiti cha Heru mwaka 1946. Naye ni mwanamke. Na mteko, aliyegawa ardhi na kuiombea, alikuwa na urithi wake chini ya kila Mwami. Uchifu uliondolewa mwaka 1963, na wazee wanaokumbuka wanapungua kila masika. Tuwaulize mapema, tuandike mazuri na mabaya.

Kisomeni kitabu hiki, ni hazina. Ila mkisomapo, ulizeni: ni nani hakutajwa?